Sukari Iko Sawa, Mbona Bado Ninaumwa?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Mradi wa Afya wa dayosisi katika semina ya kamati za afya za sharika na wawakilishi wa sharika rafiki)



 Tunawashukuru akina mama wa usharika mwenyeji kwa chai ya asubuhi. Tumeona chai imeletwa bila sukari, na bakuli la sukari limewekwa kando ili kila mmoja ajipimie mwenyewe. Kama semina ingeishia pale mezani, tungekuwa tumeondoka na somo.

Mada ya leo imetokana na swali ambalo wajumbe wengi mmetuletea ofisini. Siku za upimaji wa sukari kwenye sharika, baada ya ibada, huja watu wenye malalamiko ya kweli. Mmoja ana kiu isiyokwisha. Mwingine anaamka kwenda chooni mara nne usiku. Mama mmoja miguu inamwaka moto kila akilala, na baba mmoja suruali zote zimekuwa kubwa. Wameambiwa hizo ni dalili za kisukari, nao wameogopa, wamekuja. Kidole kinachomwa, mashine inasoma 5.3. Muuguzi anasema, "Sukari iko sawa, mama." Mama anauliza, "Sasa mbona bado ninaumwa?" Foleni ni ndefu, na swali lake linabaki hewani.

Leo tunataka tulijibu. Jibu letu kwa ufupi ni hili: kipimo kinajibu swali la sukari kwa saa ile, swali la mgonjwa bado halijajibiwa. Mtu mwenye dalili na kipimo kizuri ana kazi iliyobaki, na sisi tunayo pia.

1. DALILI ZINATOKA WAPI?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima yeyote hapa anajua kuwa kuna mawingu ya mvua na kuna mawingu yanayopita tu. Ili kuyatofautisha, tuanze na jinsi kisukari kinavyoleta dalili zake.

Damu yetu siku zote ina sukari iitwayo glukosi. Damu inapochujwa kwenye figo, glukosi hupita kwenye chujio, kisha figo huirudisha mwilini ili isipotee. Kazi hii ina kikomo. Sukari ikifika kama 10 hivi, kwa kipimo cha milimoli kwa lita ambacho mashine zetu hutumia, figo hushindwa kuirudisha yote. Inayobaki huingia kwenye mkojo, nayo haiendi peke yake, huvuta maji. Ndipo mtu anakojoa sana, maji mwilini yanapungua, kiu inamjia. Chakula anachokula kinapotelea chooni, kwa hiyo anakonda huku anakula. Macho nayo huona ukungu kwa sababu maji kwenye lenzi ya jicho hubadilika sukari inapopanda na kushuka.

Ndugu wajumbe, shikeni sana namba hiyo ya 10. Inatusaidia kufikiri. Mtu anayekunywa jagi la maji baada ya jagi na kukojoa kutwa nzima, akapimwa siku hiyohiyo kwa kipimo sahihi na sukari ikawa 5, sukari siyo inayomkojoza. Tutafute chanzo kingine, tena mapema.

Ganzi, miguu kuwaka moto na uchovu ni habari tofauti kidogo. Mishipa ya fahamu huharibika polepole kwa miaka, na inaweza kuanza kuumia hata sukari ikiwa imepanda kidogo tu, kabla haijafikia kiwango cha kuitwa kisukari. Kwa hiyo mtu wa ganzi mwenye kipimo kimoja kizuri anaweza kuwa wa upande wowote.

Vijijini bado tunasikia kipimo cha zamani: mkojo wake unajaa sisimizi. Kwamba mkojo wa wagonjwa hawa ni mtamu, hilo si uzushi. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliliandika mwaka 1674, na mwaka 1776 mwenzake Matthew Dobson alionyesha kuwa utamu huo ni sukari, na kwamba sukari hiyo imo pia katika damu. Hata hivyo wapo watu ambao figo zao huvujisha sukari ingawa damu yao iko sawa, na baadhi ya wajawazito huwa hivyo. Sisimizi wanatuambia tukapime damu. Hawatuambii jina la ugonjwa.

2. KIPIMO KINASEMA NINI?

Shirika la Afya Duniani limeweka njia nne za kuutambua ugonjwa huu. Tuzitaje taratibu, mziandike.

Ya kwanza ni kupima asubuhi kabla ya kula, baada ya kufunga usiku kucha. Kisukari huanzia 7.0. Kati ya 6.1 na 6.9 ni hatua ya kabla ya kisukari.

Ya pili ni kipimo cha kunywa glukosi. Mtu anakuja hajala, anapimwa, anakunywa gramu 75 za glukosi zilizochanganywa na maji, anakaa saa 2, anapimwa tena. Kisukari huanzia 11.1. Kati ya 7.8 na 11.0 ni hatua ya kabla.

Ya tatu ni kupima saa yoyote. Ikifika 11.1 au zaidi na mtu ana dalili zilizo wazi, ni kisukari.

Ya nne ni kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita. Kisukari huanzia asilimia 6.5. Shirika hilo lilikikubali kwa kazi ya kutambua ugonjwa mwaka 2011.

Mtu asiye na dalili hahukumiwi kwa kipimo kimoja, hurudiwa siku nyingine. Na hapa ndipo penye kiini cha mada yetu: njia hizi hazimkamati mtu yuleyule kila mara. Mtu anaweza kuamka na 5.8, ambayo ni nzuri, lakini saa 2 baada ya kunywa glukosi akawa na 11.5, ambayo ni kisukari. Mwili wake unajitahidi usiku anapopumzika, ila mzigo wa chakula ukija unaelemewa. Tukimpima asubuhi tu, miaka yote tutamwambia yuko sawa.

Nchi yetu ina historia nzuri katika jambo hili. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao, uliofanyika katika vijiji 6 vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Watu wale wa vijijini walinyweshwa glukosi na kupimwa baada ya saa 2. Wenye kisukari hawakufika hata asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 mijini na vijijini, ulikuta asilimia 9.1. Tafiti hizi mbili zilitumia njia tofauti na watu tofauti, kwa hiyo hatuwezi kutoa moja kwenye nyingine kama hesabu za shule. Lakini zinatueleza kwa nini foleni zetu baada ya ibada zimekuwa ndefu, na kwa nini hatuwezi kumpuuza mtu mwenye dalili kwa sababu tu kipimo cha kwanza kimekuwa kizuri.

3. PALE KIPIMO KINAPOTUDANGANYA

Kabla ya kumwambia mtu kuwa hana kisukari, tujiulize maswali manne.

Swali la kwanza: alipimwa saa ngapi, na alikula nini? Wapo wanaokuja wamekunywa chai na maandazi mawili, na wapo waliofunga tangu jana. Namba ileile ina maana mbili. Tena wapo wanaosikia tangazo la upimaji Jumapili, wakaacha sukari na kupunguza ugali wiki nzima ili "wafaulu". Ndugu zetu, kipimo hiki si mtihani wa kipaimara. Kwa kipimo cha kunywa glukosi hasa, mtu anatakiwa kula chakula chake cha kawaida kwa siku 3 kabla, la sivyo matokeo hayasemi kweli.

Swali la pili: mashine na vile vipande vyake vya kupimia vikoje? Mashine ndogo za kidole zimetengenezwa kumsaidia mgonjwa kufuatilia sukari yake. Viwango vya kimataifa vya mwaka 2013 vinaziruhusu kukosea hadi asilimia 15 juu au chini pale sukari inapozidi 5.5. Maana yake, ikisoma 6.5, ukweli unaweza kuwa 5.5 au 7.5. Upande mmoja ni mzima, upande mwingine ni mgonjwa. Vipande vya kupimia vikikaa kwenye jua, au kopo likiachwa wazi, au tarehe ikipita, kosa linaongezeka. Vingi vinatakiwa kutunzwa chini ya nyuzi joto 30. Kidole chenye maji au spiriti ambayo haijakauka huharibu usomaji, na kidole kilichotoka kumenya embe husoma sukari ya embe.

Swali la tatu: damu ilisafiri kwa muda gani? Damu ikitolewa mkononi na kuwekwa kwenye chupa, chembe zake bado ziko hai na zinaendelea kula sukari. Kwenye joto la kawaida, sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Chupa ikitoka zahanati ya mlimani kwa bodaboda na kufika maabara ya wilaya baada ya saa 3, sukari iliyokuwa 7.4 inaweza kusomwa karibu na 6. Mgonjwa aliondoka nyumbani na kisukari, karatasi ikarudi haina. Dawa ni kuipeleka damu kwenye barafu, kuitenganisha mapema kwa mashine, au mgonjwa mwenyewe afike maabara.

Swali la nne linahusu HbA1c: damu ya mtu huyu ikoje? Kipimo hiki husoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Chembe zikifa mapema, hazipati muda wa kubeba sukari, na kipimo husoma chini kuliko hali halisi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mwenye selimundu, kwa mtu aliyetokwa damu nyingi hivi karibuni, na kwa wale wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Tafiti za Wamarekani wenye asili ya Afrika zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kuwa hata kubeba tu asili ya selimundu bila kuumwa kunaweza kushusha usomaji. Kinyume chake, upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma unaweza kuupandisha. Tanzania ni mojawapo ya nchi ambazo watoto wengi zaidi huzaliwa na selimundu, kwa hiyo jambo hili limo katika familia zetu. Mwenye historia hiyo amweleze daktari kabla ya kupimwa.

4. PALE KIPIMO KINAPOSEMA KWELI

Sasa tuseme maswali yote manne yamejibiwa vizuri. Amepimwa asubuhi, amekunywa glukosi, amepimwa tena, sukari ni nzuri. Dalili bado zipo. Hapa ndipo wengi huachwa, na hapa ndipo pana magonjwa mengi yanayotibika.

Anayekojoa mara kwa mara. Tumuulize kwanza: mkojo ni mwingi, au ni kidogo kidogo kila mara? Kidogo kidogo, pamoja na maumivu au kuchoma, hutupeleka kwenye maambukizi ya njia ya mkojo. Wenye damu kwenye mkojo, hasa waliokulia kwenye maeneo ya madimbwi, mabwawa na mashamba ya mpunga, wapimwe kichocho. Mzee anayeamka usiku, mkojo ukitoka kwa shida na kukatika, achunguzwe tezi dume. Mama anaweza kuwa mjamzito au kuwa na uvimbe kwenye kizazi. Na tuangalie mfuko wa dawa: baadhi ya vidonge vya presha kazi yake hasa ni kumkojoza mgonjwa. Akivimeza jioni, usiku hatalala.

Wapo wachache wanaotoa mkojo mwingi kweli, zaidi ya lita 3 kwa siku, mweupe kama maji, na kiu kali mchana na usiku. Huo ni ugonjwa mwingine, ulioitwa kwa karne nyingi diabetes insipidus, na hauhusiani na sukari hata kidogo. Mwili unakosa homoni ya kuzuia maji, au figo haziitii homoni hiyo. Mwaka 2022 wataalamu wa kimataifa walipendekeza ubadilishwe jina, kwa sababu wagonjwa wake walikuwa wakihudumiwa kimakosa kama watu wa kisukari. Mtu wa namna hii msimnyime maji kwa kudhani mnamsaidia. Kumnyima kunaweza kumuua. Apelekwe hospitali kubwa.

Anayekonda. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku: apimwe kifua kikuu. Apimwe pia VVU. Anayekonda huku anakula sana, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka na joto linamsumbua, achunguzwe tezi ya shingo.

Mwenye ganzi au miguu inayowaka moto. Orodha hapa ni ndefu. VVU inaweza kuharibu mishipa ya fahamu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi pia huweza, na kwa sababu hiyo wagonjwa hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Pombe ya muda mrefu huleta ganzi. Upungufu wa vitamini B12 pia, hasa kwa wazee na kwa wasiokula nyama, maziwa wala mayai. Tena tusisahau ukoma. Wengi wanadhani umekwisha, lakini nchi yetu bado inapata wagonjwa wapya. Baka kwenye ngozi lisilohisi sindano wala moto ni alama yake, na dawa zake hutolewa bure. Ukitibiwa mapema, mkono na mguu vinaokoka.

Aliyechoka na asiyeona vizuri. Uchovu unaweza kuwa upungufu wa damu, ugonjwa wa figo, au huzuni nzito ya moyo ambayo mtu haisemi. Wachungaji mnaijua hii ya mwisho kuliko maabara. Macho ya kusoma hupungua karibu kwa kila mtu baada ya miaka 40, na mtoto wa jicho hufuata kwa wengi uzeeni. Miwani au upasuaji ndio wanaouhitaji hawa.

5. HATARI MBILI

Mtu asipopata jibu, hujitafutia lake. Tumeona njia mbili zenye hatari.

Ya kwanza ni kuazima dawa. Jirani ana kisukari, dalili zinafanana, kwa hiyo "nipe na mimi kidonge kimoja nijaribu." Kidonge cha glibenklamidi husukuma kongosho kutoa insulini hata kama sukari iko sawa. Mtu aliyekuwa na 5 anashuka hadi 2, anatetemeka, anatokwa jasho, anachanganyikiwa, na anaweza kuzimia asiamke. Tutangaze hili kanisani kama tunavyotangaza ndoa: dawa ya kisukari haigawanywi.

Ya pili ni kukata tamaa. Baadhi huambiwa wana wasiwasi tu, nao huona aibu kurudi. Wanaendelea na mitishamba ya kila aina, au wanafunga tu midomo. Mficha maradhi kifo humwumbua, lakini huyu hakuficha. Alikuja foleni kama tulivyomwita, akasema, akachomwa kidole. Tukimwacha hapo, kufichwa kwa ugonjwa huo ni kwetu.

Lipo jambo moja lisilosubiri semina. Mtoto au kijana anayekojoa sana, anayekonda haraka, aliyeanza kutapika au kupumua kwa nguvu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asingoje asubuhi ya kufunga kula. Homa ya malaria na kisukari cha watoto vinaweza kufanana, na kwa mtoto saa chache ni nyingi.

6. TUNAOMBA KAMATI ZIFANYE NINI?

Tunaomba mambo matano, na yote mnayaweza.

Moja. Kwenye daftari la upimaji, ongezeni safu tatu: mtu ana dalili gani, alikula lini mara ya mwisho, na ametumia dawa gani. Namba ya sukari bila maneno haya ni nusu ya habari.

Mbili. Mwenye dalili na kipimo kizuri asiandikwe "mzima". Aandikwe "afuatiliwe", na apewe tarehe ya kurudi kabla hajaondoka.

Tatu. Apimwe tena asubuhi bila kula, kwenye maabara, siyo kwa mashine ya kidole pekee. Ikibaki shaka, anyweshwe glukosi. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya ajabu. Kinahitaji unga wa glukosi wa gramu 75, maji safi, benchi la kukalia, saa ya ukutani na uvumilivu wa saa 2. Kwaya zetu hukaa zaidi ya hapo kwa mazoezi.

Nne. Aandikiwe barua fupi ya rufaa inayotaja dalili zake na vipimo vyote alivyopima. Mgonjwa akifika hospitali na karatasi, daktari anaanzia pale tulipoishia. Asipokuwa nayo, anaanza upya na kidole kilekile.

Tano. Mjumbe mmoja wa kamati amtembelee ndani ya mwezi mmoja. Amuulize maneno mawili tu: "Ulikwenda? Walisemaje?"

7. NENO KWA WAFADHILI WETU

Ndugu zetu wa sharika rafiki, mmetununulia mashine na vipande vya kupimia, na tunawashukuru kwa dhati. Ripoti tunazowatumia huwa na safu mbili: waliopimwa, na waliokutwa na kisukari. Ni safu nzuri, na ni rahisi kuzisoma. Tunaomba mtukubalie kuongeza ya tatu: waliokuwa na dalili lakini sukari ikawa nzuri, na kilichowapata baadaye.

Safu hiyo itagharimu fedha. Itahitaji nauli ya mgonjwa na msindikizaji, ada ya maabara, na posho ndogo ya mafuta kwa anayefuatilia. Vitu hivi havipigwi picha vizuri kama mashine mpya. Lakini tukilazimika kuchagua kati ya kuwapima watu wengi zaidi na kuwafuatilia kikamilifu wale tuliokwisha kuwapima, maoni yetu ni kwamba sehemu ya fedha za vipande vya kupimia iende kwenye ufuatiliaji. Tunalisema hili mapema ili likijitokeza kwenye bajeti lisiwashangaze.

Zipo sababu za kutumaini. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2001, na wa Marekani wa mwaka 2002, ulihusu watu ambao hawakuwa na kisukari bado, ila kipimo cha kunywa glukosi kilionyesha wako njiani. Walisaidiwa kupunguza uzito kiasi, kubadili chakula na kutembea au kufanya mazoezi kama nusu saa karibu kila siku. Katika tafiti zote mbili, uwezekano wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58. Watu wa namna hii wapo kwenye foleni zetu. Wengi wao, tukiwapima kabla ya kula tu, tutawaambia wako sawa, na nafasi hiyo itapita.

HITIMISHO

Tumalizie kwa kurudi kwenye majibu tunayowapa watu. Kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "huna kitu" na kumwambia "sukari yako leo ni nzuri, sasa tutafute kinachokuumiza." Maneno ya kwanza yanafunga mlango. Ya pili yanamrudisha wiki ijayo, na pengine yanamkuta kifua kikuu, au tezi, au kisukari kilichokuwa kimejificha, mapema wakati dawa bado inafanya kazi.

Tunawaomba mwende na maneno hayo ya pili kwenye sharika na mitaa yenu. Fomu mpya za daftari ziko mezani pale mlangoni. Kila kamati ichukue nakala na kusaini. Maswali tutayapokea baada ya wimbo mmoja, na wauguzi wetu wa mradi wapo kuyajibu yale ya kitaalamu zaidi.